Ujumbe Umechelewa? Usitume Pesa Mara ya Pili

Tuseme uko Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Umenunua gunia la mahindi kwa shilingi 4,000. Umeweka namba ya muuzaji, kiasi na namba ya siri, kisha kimya. Ujumbe hauji. Muuzaji naye anaangalia simu yake, hakuna kitu. "Tuma tu tena," anakuambia. Je, utume?

Jibu fupi: ngoja kwanza. Jibu refu tunalipata kwa Jim Gray, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Marekani.

Majenerali wawili

Mwaka 1978, akifanya kazi IBM huko San Jose, California, Gray aliandika kuhusu fumbo la majenerali wawili. Majeshi yao yako juu ya vilima viwili, na adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja, watashinda. Mmoja akienda peke yake, ameisha. Njia ya kuwasiliana ni moja tu: kumtuma mjumbe apite bondeni, na huenda akakamatwa.

Wa kwanza anatuma neno: "Alfajiri." Lakini hawezi kutoka bila kujua kama limefika. Wa pili anajibu: "Nimepata." Sasa yeye ndiye asiyejua kama jibu limefika. Atume mjumbe mwingine? Hata wakituma mia, wa mwisho kutuma atabaki na shaka.

Simu yako na kompyuta zetu ni kama majenerali hao, na mtandao ndio mjumbe. Ujumbe usipofika, wewe huwezi kujua kama ombi lako lilipotea likienda, au jibu letu lilikwama likirudi. Kama ni jibu lililokwama, ukituma tena umelipa 8,000 kwa gunia moja.

Yote au hakuna

Kazi kubwa ya Gray ilikuwa juu ya muamala. Kutoa 4,000 kwako na kuziweka kwa muuzaji ni tendo moja lisilogawanyika: yote yafanyike, au lisifanyike lolote. Stima ikipotea katikati, kompyuta ikiwaka inasoma kumbukumbu zake, kisha inamalizia kazi au inaifuta.

Na kama akaunti zenu ziko kwenye kompyuta tofauti? Katika andiko hilohilo Gray alieleza njia yake. Kompyuta moja inaziuliza nyingine: "Mko tayari kuandika?" Zote zikikubali, inaamuru: "Andikeni." Hata moja ikikataa, zote zinaacha.

Kwa kazi hii alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 aliondoka San Francisco peke yake kwa mashua, na hakuonekana tena. Wiki tano hivi baadaye, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya, na mamilioni ya watu wakaanza kuitegemea kanuni hiyo bila kulisikia jina lake.

Ufanye nini?

1. Usitume tena papo hapo. SMS ni mjumbe tu. Pesa iko kwenye daftari la kompyuta.
2. Angalia salio, halafu taarifa fupi ya akaunti. Hapo unasoma daftari lenyewe.
3. Ukiona muamala umeandikwa, chukua namba yake. Kila muamala una namba yake, na kwa hiyo namba huduma kwa wateja wataufuatilia. Namba ya siri usimpe mtu yeyote.
4. Kama wewe ni muuzaji, usitoe mzigo kwa sababu ya SMS unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe.

Jipime

Ulikuwa na 6,500. Umetuma 4,000, ujumbe haujafika. Ukiangalia, salio bado ni 6,500 na taarifa haionyeshi kitu. Utafanyaje?

Jibu: daftari halijaandika muamala huo, lakini huenda ombi bado liko njiani. Subiri dakika chache, uangalie tena. Kama bado ni 6,500, piga huduma kwa wateja wakuhakikishie kwamba hakuna ombi linalosubiri, ndipo utume upya. Na huyo muuzaji anayekuharakisha, mwonyeshe makala hii.