Mugumo wa Waiyaki Way: Mafunzo Niliyopata

Huku Baba Dogo, Nairobi, tukisikia neno utalii tunawaza Maasai Mara au Diani, mahali pa wenye magari na akiba. Shule zilipofungwa niliwachukua wanangu, tukapanda matatu hadi mjini, tukaunganisha ya Westlands, kwenda kuutazama mti. Mugumo mmoja, kando ya Waiyaki Way.

1. Utazame ukiwa mbali kwanza

Ukiukimbilia utaona shina tu. Ukiwa ng'ambo ya barabara ndipo utakapoona kimo chake, sawa na jumba la ghorofa nne, na umri wake unakadiriwa kupita miaka 100. Barabara ya Nairobi Expressway, inayotoka Mlolongo kwa kilomita 27 hadi Westlands, nusura iuondoe. Mwaka 2020 mpango ulikuwa kuung'oa na kuupanda kwingine. Watetezi wa mazingira wakapinga, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uhifadhiwe. Barabara ilifunguliwa 2022 na mti upo. Binti yangu akauliza kwa nini mti mmoja ulihitaji rais mzima. Nikamwambia ukweli: miti mingi kwenye njia hiyohiyo haikupata wa kuitetea, ikakatwa.

2. Nenda kwa adabu

Shosho anayeuza mboga langoni kwetu, mzaliwa wa Murang'a, alituonya kabla hatujatoka: "Wajukuu wangu, msivunje hata kijiti." Kwa Agikuyu mugumo ni mahali pa ibada. Wazee waliomba mvua chini yake, na kuukata ni mwiko. Mimi si Mkikuyu, lakini nilitii, na wanangu walitii. Mgeni hachongi jina lake kwenye madhabahu ya mwenyeji.

3. Thika nako kuna hadithi yake

Mugo wa Kibiru, nabii wa Agikuyu, alitabiri kwamba mugumo fulani wa Thika ukianguka, utawala wa Waingereza utakwisha. Inasimuliwa kuwa wakoloni waliuzungushia chuma usianguke. Mwaka 1963 radi iliupiga ukaanguka, na Desemba mwaka huohuo tukapata uhuru. Huko ndiko safari yetu ijayo.

4. Uliza mti unafanya kazi gani

Maua ya mugumo yamefichwa ndani ya tunda. Nyigu mdogo kuliko sisimizi ndiye anayepenya kuyachavusha. Ndege hula matunda na kudondosha mbegu, nyingine juu ya miti mingine, na mche ukiota huko huteremsha mizizi hadi ardhini.

Mti una kazi pia katika maji: hapo nilikumbuka alichoandika Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, katika kitabu chake Unbowed. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, Nyeri. Baadaye, akiwa amesoma sayansi, alielewa kwamba mizizi ya mti ule ilipenya mwamba hadi kwenye maji ya chini, na maji yakapata njia ya kupanda juu. Mti ulipokatwa ili kupisha chai, kijito kilikauka. Hili lilinigusa kuliko yote niliyoyaona siku ile. Mito ya Mathare na Nairobi inapita jirani na kwetu, na sehemu nyingi za kingo zake zimevamiwa na mabati na takataka.

5. Kivuli si anasa

Watoto walikaa pale muda mrefu bila kuomba simu. Kwetu, watoto hucheza kwenye ngazi za magorofa na kando ya lami, kwa kuwa hawana penginepo.

Nawaomba wenye ploti wa Baba Dogo, Lucky Summer na Ngomongo: mkiukuta mti mkubwa kwenye kiwanja, uacheni. Fundi akisema unakula nafasi ya chumba kimoja, mwambieni apunguze chumba.