Fedha kwa Simu na Maneno ya Watu

Zamani mtu aliyefanya kazi Nairobi alipotaka kupeleka fedha kwao, alimpa ndugu anayesafiri au dereva wa basi, au alikwenda posta. Na mara nyingi alizipeleka mwenyewe. Tangu Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya, fedha hufika mara moja. Mpelekaji huandika namba ya simu ya mpokeaji, kiasi cha fedha, na namba yake ya siri. Mpokeaji huenda kwa wakala kuzichukua.

Wazee hunung'unika kwamba fedha zaja lakini mwana haji. Manung'uniko hayo si ya bure. Olga Morawczynski, aliyechunguza habari hizi Kibera na kijijini Bukura, aliandika mwaka 2009 kwamba waume wengine walipunguza safari za nyumbani, hata wake zao wakahofu kuwa wamepata wanawake wengine mjini.

Lakini huyo huyo alikuta wanawake wakiweka akiba katika simu, mahali ambapo mume haoni. (Chungu kilichofichwa chini ya kitanda hakikuwa na namba ya siri!) Na mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walikadiria kwamba nyumba 194,000 zilitoka katika umaskini kwa ajili ya huduma hii, hasa zile zinazoongozwa na wanawake. Basi anayesema simu imevunja nyumba, na aulizwe kwanza fedha za nyumba hiyo zilikuwa mkononi mwa nani.

Walio hatarini ni wazee wasiojua kusoma, ambao humpa mjukuu au wakala namba ya siri awafanyie kazi. Akiisha kuijua, akiba yote i mikononi mwake.