Udongo Ungali Maji: Sanaa ya Misimu na Lugha ya Mtoto katika Shule za Migori na Homa Bay

Utangulizi

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Aghalabu methali hii hufunzwa kama sitiari ya malezi: mtoto na aongozwe angali mdogo. Fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeikariri kwa ajili ya mtihani, ilhali hajawahi kuushika udongo na kuuona ukimkaukia mkononi, amepewa nusu tu ya methali. Makala hii inadai kwamba kazi za mikono zinazofuata misimu ya mahali hukuza ubunifu wa watoto wa shule za msingi katika kaunti za Migori na Homa Bay, na kwamba somo la Kiswahili halina budi kuwapo pale mikono inapofanya kazi.

Maneno yenyewe yanatuelekeza huko. Neno "sanaa" tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Nalo "kuumba", ambalo leo twamwachia Mwenyezi Mungu, ni neno la mfinyanzi pia: huumbwa vyungu. Katika Dholuo, kitenzi "chweyo" hubeba maana hizo mbili vivyo hivyo. Mtoto wa Rongo au Ndhiwa huja darasani akiwa na uhusiano huo tayari. Mwalimu wa Kiswahili ndiye hupita bila kuuona.

Kalenda mbili

Shule ina mihula mitatu. Mkulima wa Kiluo naye ana chwiri, yaani msimu wa mvua ndefu. Opon, msimu wa mvua fupi. Na oro, kiangazi. Kalenda hizi mbili hazipatani kila mara, na sanaa ndiyo huumia. Iwapo mada ya ufinyanzi itaangukia Aprili, vyungu vya watoto havitakauka. Unyevu ukibaki ndani ya udongo, hugeuka mvuke motoni na chungu hupasuka. Wafinyanzi wa Nyanza wanalijua hilo, ndiyo maana hupenda kazi ya kiangazi, na huchanganya udongo wao na mchanga au vigae vilivyopondwa ili usipasuke. Mwalimu anayefungwa na ratiba iliyochapishwa hukimbilia plastisini ya dukani. Sioni ubaya wa plastisini. Ila haimfunzi mtoto kungoja.

Lipo pia suala la mtihani. Sanaa na ufundi zilitahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaachwa nje ya mtihani wa darasa la nane. Kisichotahiniwa hakikufundishwa, saa zake zililiwa na Hisabati. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, uliirejesha kazi ya mikono. Lakini wazazi walinung'unika kwa gharama za karatasi za manila, gundi na rangi, na katika nyumba nyingi mzazi ndiye aliyekesha akitengeneza kifaa ambacho mtoto angepewa alama zake. (Sijui ni umilisi wa nani uliopimwa hapo.) Malighafi ya msimu hupunguza tatizo hilo, kwa kuwa haiuzwi dukani na hufanyiwa kazi shuleni.

Basi Januari na Februari, jua likiwa kali, ziwe za udongo. Ziwe za mawe pia, kwa shule za Migori: Thimlich Ohinga, boma la kale lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, lilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chochote cha kuyaunganishia. Mtoto akijaribu kupanga kokoto kwa namna hiyo, ukuta ukamporomokea mara tatu, atakuwa na la kuwauliza wajenzi wale. Mvua zikianza, watoto huingia ndani na kuchora. Udongo mwekundu, majivu na makaa hutosha kuwa rangi. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, mapango yana michoro ya miduara ya rangi nyekundu na nyeupe inayonasibishwa na Watwa, na mapokeo huihusisha na mvua. Ni mada iliyoje kwa mtoto anayesikiliza mvua ikipiga mabati! Baada ya mavuno kuna magunzi, mabua na maganda ya mahindi.

Kiswahili mkononi

Wengi wa watoto hawa hukutana na Kiswahili kitabuni kabla ya kukutana nacho kinywani. Wanajua ngeli kabla ya kujua kuomba maji. Tazama sasa ufinyanzi unavyodai vitenzi: kuchimba, kuponda, kuchekecha, kukanda, kufinyanga, kulainisha, kuanika, kuchoma. Vinafuatana kwa lazima, kwa maana hakuna achomaye kabla ya kuanika. Mwanafunzi aliyepitia hatua hizo ataandika insha ya maelezo yenye mpangilio bila kupewa kiunzi, na "kisha" na "hatimaye" zitakaa mahali pake zenyewe. Aidha, atakuwa na jambo la kusema, kama vile chungu chake kilivyopasuka na cha jirani kikasalimika.

Wapo watakaohofu kwamba Dholuo, Kisuba au Kikuria kitaingilia somo. Kiingie. Mtoto akisema "dapi", mwalimu amwulize dapi hutumiwaje. Akijibu kwamba ni cha maji ya kunywa, hapo ampe "mtungi" na kumtofautishia na "chungu". Neno hupokelewa vyema likija kuziba pengo ambalo mtoto amelihisi mwenyewe.

Hata hivyo mapengo mengine ni yetu. Msamiati wetu wa ususi umejengwa juu ya ukindu na miyaa ya pwani. Mtoto wa Mbita ana mafunjo ya ziwani, ambayo kwao ni "togo", na ana istilahi za kuyakata, kuyapasua na kuyakausha ambazo kamusi zetu hazijazitafutia visawe. Mwanachama anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo, akiwa na daftari, wakati wa oro, wasusi wanapoanika.