MOTA YA GETI: IPIME KWA SIKU UMEME UMEKATIKA

Wiki hii ukurasa wetu wa soko unaziacha kidogo bei za saruji, nondo na mabati, na kuitazama bidhaa ambayo wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam huinunua mwishoni mwa ujenzi, wakati fedha zimekwisha na uvumilivu nao umekwisha: mota ya kufungulia geti au mlango wa banda la gari kwa rimoti.

Mnunuzi anayeingia dukani leo hukuta mota za Italia, za Afrika Kusini na za China zimepangwa pamoja, huku bei zake zikiachana sana. Muuzaji humweleza nguvu ya mota, kasi yake na idadi ya rimoti zilizomo ndani ya boksi. Hayo yote yana maana, lakini hayajibu swali kubwa: siku umeme umekatika saa tatu usiku, nawe uko nje ndani ya gari pamoja na watoto, geti litafunguka? Ukianza na swali hilo, uchaguzi huwa mwepesi zaidi na mara nyingi fedha nyingi huokolewa.

GETI LENYEWE KWANZA

Mota hainunuliwi kabla ya kujua geti ni la namna gani. Nyumbani kwetu yapo ya aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni geti la reli, linalotembea kwa magurudumu kando ya ukuta. Mota yake hukaa chini, nayo huzungusha gia inayosukuma chuma cha meno kilichofungwa kwenye geti. Ni mpangilio rahisi, fundi yeyote mzuri huuelewa, na mota moja inatosha. Sharti lake ni nafasi: kama njia ya gari ina upana wa mita 4, basi pembeni pawe na ukuta mtupu wa zaidi ya mita 4 ili geti lipate pa kwenda. Adui zake ni mchanga kwenye reli na kutu kwenye magurudumu. Kwa wakazi wa kandokando ya bahari, kutu si jambo la kusubiri miaka kumi.

Aina ya pili ni geti la bawaba, lenye vipande viwili vinavyofunguka kama mlango. Hili huhitaji mota mbili, moja kwa kila kipande, na kwa sababu hiyo gharama huongezeka. Linafaa pale ambapo ukuta wa pembeni ni mfupi, lakini linahitaji uwanja ndani wa kuzungukia. Wanunuzi wengi husahau upepo. Geti lililozibwa bati kutoka juu hadi chini hugeuka tanga la jahazi, na mikono ya mota ndiyo inayopigana na upepo huo. Geti lenye nafasi kati ya vyuma huitunza mota kuliko geti lililozibwa lote.

Kwa aina zote mbili kipimo cha kwanza hakina gharama. Lisukume geti kwa mkono mmoja. Likisita, likikwaruza au likihitaji watu wawili, usinunue mota bado. Badili magurudumu, nyoosha reli au kaza bawaba kwanza. Kulifungia mota kubwa geti bovu ni sawa na kulipa mara mbili: leo unanunua nguvu usiyoihitaji, na kesho unanunua gia mpya.

UMEME WA UKUTANI AU WA BETRI

Hapa ndipo tofauti kubwa ya bei inapotoka. Zipo mota zinazotumia umeme wa ukutani wa volti 230 moja kwa moja. Hizi ni imara na mara nyingi bei yake ni nafuu, lakini umeme ukikatika nazo husimama. Nyingine hutumia volti 12 au 24 kupitia betri iliyomo ndani, ambayo huchajiwa na umeme wa ukutani. Hizi huendelea kufanya kazi gizani. Aidha, nyingi kati yake huanza na kumaliza mwendo taratibu, jambo linalopunguza kishindo kwenye geti.

Msomaji hana haja ya kukumbushwa hali ya umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 bado unakumbukwa, na Aprili 1, 2024 hitilafu katika gridi ya taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Jirani zetu Kenya walipata giza la nchi nzima Agosti 25, 2023.

Betri inaweza kukaa muda gani? Tupige hesabu. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Kwa kuwa haifai kuikausha, tuhesabu nusu yake, yaani 42. Mota ikiwa imetulia lakini ikisubiri rimoti, tuseme inakula wati 4. Umeme ukikatika kwa saa 6, hiyo ni wati-saa 24. Zinabaki 18. Mota ya wati 300 ikitembea sekunde 20 hutumia takriban wati-saa 1.7. Maana yake ni kwamba katika saa hizo 6 unaweza kufungua au kufunga mara 10 hivi. Kwa familia ya kawaida hiyo inatosha.

Hata hivyo, betri haitatui kila kitu. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa hali kama hiyo kinachosaidia ni paneli ndogo ya sola, au ufunguo wa kuiachia mota ili geti lisukumwe kwa mkono. Vilevile betri za aina hii hupenda baridi, nasi tunaishi kwenye joto. Betri iliyofungiwa kwenye boksi linalopigwa na jua mchana kutwa itakufa mapema, kwa hiyo panga kuibadili kila baada ya miaka mitatu hivi.

HESABU YA MIAKA KUMI

Wapo wanaoogopa gharama ya uniti. Tuendelee na mfano wetu. Wati 4 za kusubiri, usiku na mchana kwa mwaka mzima, ni uniti 35. Mwendo wenyewe, mara 10 kwa siku, ni uniti 6 tu. Jumla ni uniti 41 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayolipa, utaona kwamba bili ya umeme si sababu ya kuchagua mota hii na kuiacha ile.

Gharama iko kwingine. Tuchukue tarakimu za mfano, ambazo si bei za soko. Mota A ya umeme wa ukutani inauzwa shilingi 900,000, na vifaa vya usalama vinanunuliwa kando kwa shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 1,020,000. Mota B yenye betri na vifaa vyote inauzwa shilingi 1,300,000. Kwa miaka kumi itabadilishiwa betri mara tatu, kila moja shilingi 70,000, na jumla yake inakuwa shilingi 1,510,000.

Tofauti ni shilingi 490,000. Basi swali la mnunuzi si mota ipi ni rahisi, bali ni hili: je, naweza kupata umeme wa akiba hadi getini, kwa miaka kumi, kwa chini ya kiasi hicho? Mwenye nyumba ambaye tayari ana inveta kubwa au jenereta inayojiwasha anaweza kujibu ndiyo, maana anahitaji waya tu. Kwake mota A ni chaguo la busara. Asiye na umeme wa akiba atajikuta ananunua inveta na betri zake kwa ajili ya geti peke yake, na mota iliyoonekana rahisi itakuwa imemgharimu zaidi. Chukua bei halisi ulizopewa dukani, uzipange kwa mtindo huu huu.

MLANGO WA BANDA LA GARI

Kwa wenye banda la gari lenye mlango unaopanda juu, kanuni ni ileile, ila mitambo ni tofauti. Mota ya mnyororo ni nafuu na ngumu, lakini ina kelele. Ya mkanda wa mpira ni tulivu, nayo inafaa pale ambapo juu ya banda kuna chumba cha kulala. Ipo pia inayofungwa ukutani pembeni ya mlango na kuzungusha mhimili wa springi, kwa wale ambao dari yao ni fupi.

Mnunuzi akumbuke kwamba mzigo wa mlango huo haubebwi na mota bali na springi. Ukiiachia mota na kuinua mlango kwa mkono hadi katikati, unapaswa kubaki hapo hapo. Ukianguka, springi imechoka. Springi nyingi hutengenezwa kwa mizunguko 10,000. Kwa mizunguko 4 kwa siku, hiyo ni siku 2,500, yaani chini kidogo ya miaka saba. Kazi ya kuibadili aachiwe fundi anayeijua, kwani springi iliyokazwa inaweza kuua.

USALAMA WA WATOTO NA WA MALI

Nchini Marekani, baada ya makumi ya watoto kufa kwa kubanwa na milango ya aina hii, sheria ililazimisha mota zote za milango ya magari ya nyumbani zinazotengenezwa kuanzia 1993 ziwe na kinga ya ziada ya kuzuia mtu kubanwa, mathalani macho ya usalama. Hayo ni vifaa viwili vinavyotazamana chini ya mlango. Kitu kikipita kati yake wakati mlango unafunga, mlango hurudi. Jimbo la California likaongeza sharti la betri kuanzia Julai 1, 2019, baada ya moto wa 2017 ambapo watu walishindwa kutoa magari kwa sababu umeme ulikatika. Anayekupunguzia bei kwa kuondoa macho ya usalama anakuuzia hatari.

Kuhusu wezi, uliza rimoti inatumia namba ya aina gani. Rimoti za zamani zenye swichi 8 ndogo zina namba 256 tu, na namba hiyo haibadiliki. Mwaka 2015 mtaalamu Samy Kamkar wa Marekani alionyesha jinsi kifaa cha kuchezea watoto kilichorekebishwa kinavyoweza kufungua milango yenye namba zisizobadilika kwa chini ya sekunde 10. Nunua yenye namba inayobadilika kila unapobonyeza.

KABLA YA KULIPA

Muulize muuzaji mambo matano. Mota hii ni ya geti la uzito gani? Gia na betri vinapatikana hapa nchini? Kinga ya radi imo au inauzwa kando? Dhamana inatolewa na nani, na kwa muda gani? Ufunguo wa kuiachia mota uko wapi? Huo wa mwisho utundikwe ndani ya nyumba, na kila mkazi, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, afundishwe kuutumia.

Fundi akishamaliza, usimlipe salio papo hapo. Mwombe azime swichi kuu ya nyumba, kisha ufungue na kufunga geti kwa rimoti mara kumi. Halafu mota iachiwe kwa ufunguo, na mtu asiye na nguvu kuliko wote nyumbani alisukume geti hadi mwisho. Yote mawili yakifanyika bila shida, lipa.