SOMO LA KIKUNDI: KUTU YA NGANO HAIJUI MPAKA

Tukitembelea vikundi vya wakulima wa ngano hatukosi kusikia neno hili: "Shamba langu ni safi, hiyo kutu ni ya jirani." Katika somo hili tutaona kwamba kutu ya jirani ni yetu sote.

Ugonjwa wenyewe

Kutu ya shina huletwa na kuvu. Shina huota vidonda virefu vya rangi nyekundu-kahawia. Ukipitisha kidole, unabaki na unga kama kutu ya bati. Unga huo ndio mbegu ya ugonjwa, na upepo huubeba mbali. Ukoo wa kutu uitwao Ug99 uligunduliwa Uganda mwaka 1998. Mwaka 2001 ulionekana Kenya, 2003 Ethiopia, na 2006 Yemen. Ikiwa umevuka bahari, ua la shamba litauzuia wapi?

Unga ukitua penye umande, humea. Baada ya siku 7 hadi 14 vidonda vipya hutokea. Punje husinyaa, ngano huanguka, lakini mkopo wa mbolea unabaki pale pale.

Tufanye nini?

1. Ng'oeni maotea. Kuvu hii huhitaji mmea ulio hai. Ngano iliyojiotea baada ya mavuno huilea mpaka msimu ujao.

2. Ulizeni habari za mbegu kila msimu. Mbegu ya Robin ilitolewa ikiwa inastahimili Ug99. Mwaka 2014 ikatokea kutu mpya iliyoishinda. Mbegu ya jana si lazima iwe ya leo.

3. Kagueni kila wiki. Msiishie kando ya barabara; ingieni ndani, mfunue majani, mtazame shina.

4. Nyunyizeni mapema. Dawa ya kuvu hulinda shina, lakini haiponyi punje iliyokwisha kusinyaa. Dawa ya wadudu haisaidii hapa. Fuateni kipimo cha kibandiko, mvae glavu na kufunika pua na mdomo.

5. Pasheni habari siku hiyo hiyo, kwa majirani na kwa afisa wa kilimo. Anayeficha kutu anaipa nafasi.

Maswali ya kujadiliana

- Maotea yako wapi kijijini kwetu sasa?
- Jirani asiye na pesa za dawa, kikundi kitamsaidiaje?
- Nani atakagua wiki hii?

Msitawanyike kabla ya kujibu swali la mwisho.