Ukienda Kusomea Usanifu Majengo Puebla

Panga chumba katikati ya mji wa kale. Maghorofa mapya ya pembezoni yana raha zake, lakini mwanafunzi wa usanifu majengo aliyefika Puebla, Mexico, akalala mbali na kuta za kale, amejinyima nusu ya masomo.

Mji ulianzishwa mwaka 1531 na mitaa yake imenyooka. Jifunze namba siku ya kwanza. Barabara za mashariki-magharibi ni avenida: kaskazini mwa katikati namba shufwa, kusini witiri. Zinazokwenda kaskazini-kusini ni calle: shufwa upande wa mashariki, witiri magharibi. Ukishalishika hilo, hupotei.

Mtu wa Unguja au Lamu hataona ugeni ndani ya nyumba: mlango mzito, kisha ua, na vyumba vikiuzunguka. Ugeni uko nje. Badala ya chokaa tupu, ukuta ni matofali mekundu yaliyochanganywa na vigae vya talavera. Mpangilio mmojawapo huitwa petatillo, neno linalotokana na petate, yaani mkeka. Simama mbele ya Casa de los Muñecos na daftari lako, ufuate ukili kwa ukili jinsi fundi alivyousuka ukuta huo. Mimi naamini hakuna mhadhara unaofundisha uashi kuliko saa moja ya kusimama pale.

Kabla ya kulipa kodi, kagua pembe za milango na madirisha. Ufa wa mshazari uliofichwa kwa plasta mbichi ni sababu tosha ya kuondoka. Tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko la ukubwa wa 7.1 liliharibu makanisa mengi ya jimbo la Puebla. Tarehe hiyohiyo mwaka 1985 ndipo tetemeko lilipobomoa majengo mengi ya Jiji la Mexico, kwa hiyo kila mwaka siku hiyo watu hufanya zoezi la kujiokoa. Aliyekuwa Bukoba wakati wa tetemeko la Septemba 2016 hahitaji kuelezwa. King'ora kikilia, acha michoro mezani, toka.

Chukua sweta na blanketi: Puebla iko juu ya mita 2,100, kama Eldoret, na zile kuta nene hutunza baridi.

Masomo yakizidi siku 180, una siku 30 tangu kuingia nchini za kwenda uhamiaji ili viza igeuzwe kadi ya ukaazi. Nenda wiki ya kwanza.

Chakula kikuu huliwa kuanzia saa nane mchana. Mwislamu ajihadhari: tacos árabes zililetwa na wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati, ila leo kwa kawaida ni nyama ya nguruwe. Uliza pia kuhusu manteca, mafuta ya nguruwe yanayotiwa hata kwenye maharage.

Jumapili panda basi hadi Cholula. Utaona kanisa juu ya kilima, na kilima chenyewe ni piramidi ya matofali mabichi ya udongo. Wahi asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika volkano ya Popocatépetl, na uchore kabla ya kutoa simu.