KIPAJI PEKEE HAKITOSHI
Somo la robo hii: Kumjenga kijana mbunifu na tabia njema za kazi



Somo letu safari hii linahusu kazi ambayo karibu kila kamati ya parokia huihitaji, lakini wachache kati yetu huihesabu kuwa ni kazi. Tunasema juu ya ubunifu wa machapisho. Kalenda ya mwaka, kadi za michango, fulana za vijana, bango la jubilei, kanga za akina mama, nembo ya kikundi cha kuweka na kukopa: nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyekaa akapanga maandishi, picha na rangi. Huyo ndiye mbunifu. Mara nyingi ni kijana wetu wenyewe, aliyejifunza kompyuta kwenye duka la steshenari au katika chuo cha ufundi.

Vijana wengi wana kipaji hiki, lakini wachache hufika mahali pa kuendesha maisha yao kwa kazi hii. Kwa nini? Tumeona sababu mbili: kijana hakufundishwa tabia za kazi, na sisi wateja wake hatukumtendea kama fundi.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulimpa kijana mmoja kazi ya kubuni kalenda yetu. Maelezo tulimpa kwa mdomo, tukiwa tumesimama mlangoni. Picha tulimtumia kwa simu. Maandishi tulimkabidhi zikiwa zimebaki siku mbili kwenda kiwandani. Alipoleta nakala ya kwanza ili tuisahihishe, kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameisoma. Kalenda zikachapwa. Picha ya jalada ilikuwa na ukungu, na mwezi wa Aprili ulikuwa na siku 31.

Lawama zote zilimwangukia kijana, na malipo yake tukayazuia. Baadaye tulipokaa na kutafakari, tuliona kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu. Tulimwita, tukamwomba radhi na kumlipa. Alipokea fedha kwa heshima, lakini hakufanya kazi nasi tena. Tulimpoteza fundi kwa uzembe wetu. Tangu siku hiyo tulianza kuandika utaratibu ambao tunawashirikisha leo.

Mfano wa aliyeanza na useremala

Francis Kéré ni msanifu majengo aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijiji hicho hakikuwa na shule, hivyo ilimbidi aondoke nyumbani akiwa na umri wa miaka 7 ili akasome. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Mchana alifanya kazi, jioni alisoma masomo ya sekondari. Kisha akaingia chuo kikuu cha ufundi mjini Berlin, na alihitimu mwaka 2004.

Hata kabla ya kuhitimu alichangisha fedha, akajenga shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walishiriki kuijenga kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa la bati aliliinua juu ya dari ili hewa ipite katikati na madarasa yasiwe na joto kali. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, kutoka kujifunza useremala hadi kuhitimu chuo kikuu ilipita karibu miaka 20. Pili, alianza na shida ya watu anaowafahamu, yaani joto darasani na uhaba wa fedha, ndipo akachora. Mbunifu wa fulana na mabango naye aanze hivyo hivyo: nani atakisoma kitu hiki, akiwa wapi, na anatakiwa afanye nini baada ya kukisoma?

Tabia sita za kumfundisha kijana

1. Kusikiliza na kuandika. Kabla ya kuwasha kompyuta, aandike katika daftari: kazi gani, kwa nani, ukubwa gani, nakala ngapi, bei gani, lini inatakiwa. Amsomee mteja, na mteja atie sahihi.

2. Kujua vipimo vya fani. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi inahitaji nukta zipatazo 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo picha ya upana wa sentimita 20 inahitaji nukta karibu 2,400 kwa upana. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na hapo ndipo jalada letu lilipoharibikia. Rangi za kwenye kioo cha kompyuta hutokana na mwanga, za karatasini hutokana na wino, hivyo hazifanani kabisa. Aache pia ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande, ili kisu cha kiwandani kisiache mstari mweupe. Akibuni kanga, ajue pindo, mji na mahali pa jina, na akumbuke kwamba kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana.

3. Kuhakiki kabla ya kuchapa. Nakala ya majaribio isomwe na watu wawili, mmoja wao asiwe mbunifu mwenyewe. Majina ya watu, tarehe na namba za simu zihakikiwe moja moja. Bila sahihi ya mteja, kazi isiende kiwandani.

4. Kutunza kazi na hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kazi iwekwe mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye flashi, kwa jina na tarehe. Mteja akirudi mwaka ujao, kazi ipatikane. Aidha, mapato na matumizi yaandikwe kila siku.

5. Kuheshimu jasho la wengine. Picha kuwapo kwenye intaneti hakuna maana kwamba haina mwenyewe. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Hali kadhalika, badala ya kutumia programu za wizi, zipo za bure zilizo halali: Inkscape kwa nembo na michoro, GIMP kwa picha, Scribus kwa kupanga kurasa.

6. Kutimiza ahadi. Akiona atachelewa, aseme mapema. Mteja husamehe kuchelewa alikoambiwa, lakini hasamehe simu iliyozimwa.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Kamati zetu zina mazoea ya kumwambia kijana, "Hii ni kazi ya kanisa, jitolee tu." Kujitolea ni jambo jema, lakini liwe chaguo lake. Fundi aliyejenga choo cha parokia tulimlipa. Aliyebuni bango naye ana kodi ya kulipa. Tunapendekeza kamati ilipe nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kupokea, iteue mtu mmoja wa kuzungumza na mbunifu, na iweke kikomo cha masahihisho, kwa mfano mara tatu.

Kwa ndugu zetu wafadhili: kompyuta peke yake haimfanyi kijana kuwa mbunifu. Pamoja na kifaa, mfikirieni fundi mzoefu atakayekaa na vijana kwa miezi kadhaa, umeme wa uhakika, na gharama za kuwapeleka kiwandani wakaone kazi zao zikichapwa. Ziara ya siku moja kiwandani hufundisha mambo ambayo darasani hayaonekani.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Mwaka uliopita tulichapisha vitu gani? Nani alivibuni, na je, alilipwa?

2. Nakala ya mwisho ilihakikiwa na nani kabla ya kuchapwa?

3. Ni vijana gani katika parokia yetu wana kipaji hiki, na fundi gani wa karibu anaweza kuwapokea?

Tunaomba kamati ziandike majibu na kuyaleta katika kikao kijacho cha robo mwaka. Sisi tutaleta daftari letu la kazi za mwaka huu, pamoja na stakabadhi za malipo, mlikague.